Kwa Zuhura, Anayekwenda Kutangaza Hoki kwa Jina Jingine

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu, ambazo hatujapeana kwa siku kumi na tisa ingawa tunachemshia chai birika moja, nakuandikia kwa mkono, na nina sababu. Nikikaa mbele ya kompyuta, vidole vyangu huanza kutafuta wasomaji. Karatasi hii ina msomaji mmoja na haina nakala. Umekwenda Romford kuwaaga wenzako wa uwanja wa barafu. Magharibi imeingia sasa hivi, na nadhani nina saa mbili kabla sijasikia ufunguo wako mlangoni. Kesho asubuhi unaruka kwenda Kanada. Habari za soksi za sufu sitazigusa. Una miaka ishirini na tatu, na baridi ya huko siijui zaidi yako.

Nianze na lililonikaa kooni. Umenisaliti, Zuhura. Nimejaribu kulisema hilo kwa upole nikashindwa, na wewe unajua upole haukuwahi kuwa kipaji changu.

Nilikuwa kazini maktaba, narudisha vitabu rafuni, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Bi Saumu wa Hounslow, ambaye hajapata kuona habari akaiacha ipite. Alinitumia picha akaniuliza kama huyu si Zuhura wetu. Ulikuwa wewe, umevaa vile vipokea sauti vikubwa masikioni, unacheka, nyuma yako barafu nyeupe. Chini ya picha, kwa herufi nene, ile timu ya mji mdogo wa Saskatchewan, huko Kanada, ilikuwa inawatambulisha mashabiki wake kwa mtangazaji wao mpya wa hoki: Zoe Hammond.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani wamebandika jina la mtu mwingine kwenye picha yako, na nikaanza kutunga kichwani barua ya kuwakemea, maana kukemea ndiyo kazi ninayoiweza zaidi. Jioni ukaniambia hawajakosea. Wao walipendekeza jina jepesi la hewani, na wewe ndiye uliyelichagua. Ulilisema kwa Kiingereza, mlango wa friji ukiwa wazi, kama mtu anayetoa taarifa kwamba maziwa yamekwisha.

Sasa sikiliza nilichokisikia mimi. Wewe ni Zuhura Hamadi, na Hamadi ni jina la baba yako, aliyepakia mizigo ya watu Heathrow miaka kumi na moja na kufa wewe ukiwa na miaka sita. Hamadi ni neno pia. Sisi watu wa pwani hulisema mtoto akijikwaa, kabla hata hajagusa chini. Ulipokuwa na miaka tisa, shule ilikupeleka kuona hoki ya barafu, nawe ukanisumbua wiki nzima mpaka nikakupeleka tena. Nilikaa pale kwenye viti vya baridi, sielewi lolote, naangalia watu wazima wenye vyuma miguuni wakikifukuza kisahani cheusi cha raba. Na wanaanguka wale, wanaanguka kila dakika. Kila mmoja alipoanguka nilisema "hamadi" bila kufikiri, kama mamangu alivyokuwa akisema. Ukanivuta mkono ukaniuliza kwa nini namwita Baba.

Nilikueleza. Hapo hapo ukaanza kutangaza. Namba saba anampa namba kumi na moja, kumi na moja anazunguka nyuma ya goli, anasukumwa, hamadi! Kiingereza chote isipokuwa neno hilo moja. Mzee aliyekaa mbele yetu aligeuka akakuuliza hamadi ni aina gani ya faulo. Hivyo ndivyo ulivyoanza kazi hii, na baba yako alikuwemo katika mechi yako ya kwanza. Ndiyo maana nilipoliona lile jina la Hammond, ambalo limemeza nusu ya jina lake na kuitema nusu iliyobaki, sikuona jina jepesi la hewani. Niliona kaburi limesawazishwa ili watu wapite vizuri.

Na nilikuwa nimekupigania. Unakumbuka harusi ile ya Ilford, Mzee Athmani aliposema mbele ya meza nzima kwamba binti wa Kiislamu anapiga makelele juu ya wazungu wanaogombana ndani ya friji. Nilimjibu kwamba yeye ameipigia televisheni makelele miaka thelathini katika nchi hii, na mpaka leo hakuna refa aliyemsikia. Meza ilicheka, naye hakunisalimia mwaka mzima. Wengine walisema mchezo huo si wetu, nikawauliza ni nani aliyetugawia michezo, na katika kikao gani. Walisema sauti ya mwanamke haifai kwa kazi hiyo. Hao sikuwajibu kwa maneno. Niliwawekea ile rekodi yako ya dakika tatu za mwisho, timu yako imebakiwa na wachezaji wanne dhidi ya watano, na wote wakaacha kutafuna.

Lakini lililonijaza kiburi zaidi ni majina. Tangu una miaka kumi na saba, unatangaza kwenye mtandao wa klabu bila kulipwa, ulikuwa unafika mapema, unasimama kwenye ujia wa vyumba vya kuvalia na karatasi yako, na kumwuliza kila mgeni jina lake linatamkwaje. Wacheki, Wafini, yule Mslovakia mwenye jina lisilo na irabu hata moja. Alikuwa amecheza Uingereza misimu minne akiitwa jina ambalo si lake, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Ulirudi nyumbani ukanieleza kwamba mamake husikiliza mechi zake kupitia mtandao, na kwamba mtangazaji akilivunja jina la mtu mbele ya mamake, mechi hiyo imeharibika hata ikiisha kwa ushindi. Nililinukuu neno hilo kwa kila aliyekaa karibu nami kwenye treni.

Basi uone nilivyofika mahali nilipofika. Binti anayelilinda jina la Mslovakia mbele ya mamake hakulilinda la babake. Nilikaa usiku ule ule nikaandika.

Makala ile unaijua. Nilisema kuna watoto wetu waliolelewa kwa jasho la uwanja wa ndege ambao huwabandua baba zao kama lebo ya mzigo iliyokwisha kazi. Nilisema kuna binti mmoja hapa London. Sikukutaja, nilitaja barafu, nilitaja Kanada, nilitaja baba aliyekufa. Nani asingejua? Gazeti la Kiswahili ninaloliandikia likaiweka mtandaoni siku ya pili, na watu wakaja na pongezi zao. Umesema kweli, Bi Mwanaidi. Umewaweza. Mzee Athmani mwenyewe aliniandikia, baada ya mwaka wa kununiana, kunipongeza. Hapo ningepaswa kushtuka. Mtu akipata sifa kutoka kwa Mzee Athmani, ajikague.

Sikuogopa kwamba utaisoma. Huu ndio ukweli, na ni wa aibu. Tangu uanze shule nakusemesha Kiswahili nawe unanijibu Kiingereza, na mimi nikajenga juu ya jambo hilo imani ya kijinga: kwamba Kiswahili ni chumba, na ufunguo wake ninao peke yangu. Ndani ya chumba hicho nimeandika miaka mingi. Nimeandika juu ya uchovu wangu, juu ya ujane wangu, juu ya mtoto ambaye wakati mwingine nilitamani angekuwa mtulivu zaidi au mwenye kinyongo zaidi na nchi hii. Niliandika nikijua uko chumba cha pili, umbali wa ukuta mmoja, na nikijiona niko salama kama mtu anayesema peke yake jikoni.

Jumamosi ile ulikuja jikoni na simu mkononi. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Ulisimama wima kama unavyosimama kabla ya mechi, ukaanza kusoma. Makala nzima, tangu neno la kwanza. Hukukosea herufi. Kiswahili kilikutoka cha Mombasa kabisa, kile cha bibi yako, chenye kila pumzi mahali pake. Na ulisoma kwa sauti ya kazi yako: pale nilipopanda ulipanda, pale nilipomchoma mtu ulipunguza kasi ili mchomo uingie. Nimesikia watu wengi wakisoma maandishi yangu. Hakuna aliyewahi kuyasoma vizuri kama wewe, na sikuwahi kutamani kiasi kile mtu anyamaze. Vitunguu viliungua.

Ulipomaliza ulirudi kwenye Kiingereza. Uliniambia kwamba umekuwa ukisoma makala zangu tangu una miaka kumi na minne, zote, kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ulikuwa unatafuta sentensi ndefu za kufanyia mazoezi ya pumzi. Umejifunza kutangaza hoki kwa kusoma matusi ya mama yako. Ulisema kwamba wanawake wanaotangaza mchezo huu huamkia ujumbe wa watu wasiowajua kila wanapokosea jina au namba, na hata wasipokosea. Kwamba umewaona wenzako wakitukanwa mpaka ukoo. Ukasema hao wakitaka kumtukana Zoe Hammond, wamtukane mpaka wachoke, hayupo. Hamadi hawatamgusa. Hamadi atabaki nyumbani.

Kisha ukasema kwa Kiswahili, neno moja tu, na ni neno la kwanza la lugha hiyo uliloniambia usoni kwa miaka sijui mingapi:

"Hukuniuliza."

Ukatoka. Siku kumi na tisa.

Nitakueleza kitu ambacho hakimo katika makala yoyote kati ya hizo ulizozisoma, ingawa utadhani kimo. Unaijua hadithi ya Shebe. Kila mtu anaijua, nimeisimulia nusu ya London. Mimi na Shebe tulikuwa tunatangaza mpira wa miguu kwenye redio ndogo pale Mombasa, meza moja na vipaza sauti viwili kando ya uwanja, mimi mwanamke wa kwanza pale kufanya kazi hiyo. Siku moja nikasema hewani kwamba kipa anachezeshwa akiwa na kidole kilichovunjika, amechomwa sindano ya ganzi. Mwenye redio alikuwa rafiki wa wenye timu. Jumatatu Shebe akatia sahihi karatasi inayosema kwamba niliyazua. Nikafukuzwa, na baada ya mwaka nikaja huku. Shebe msaliti. Nimeishi juu ya neno hilo kama watu wengine wanavyoishi juu ya pensheni.

Sehemu ninayoiacha ni hii. Habari ya kidole nilipewa na Shebe. Yeye aliipata kwa binamu yake aliyekuwa anawafunga bandeji wachezaji. Aliniambia siku ya Jumatano, tukila viazi karai nje ya redio, akanishika mkono akasema: "Dada, hili lisitoke hapa."

Mechi ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na siku nne. Bado naamini yale yalistahili kusemwa. Kipa yule alikuwa kijana mdogo na mkono wake ulikuwa unaharibiwa mchana kweupe. Lakini katika siku nne hizo ningeweza kumwendea Shebe nikamwambia, nitasema, jiandae, mwambie binamu yako ajiandae. Sikumwendea kwa sababu nilijua angenikatalia, na sentensi ilikuwa imeshakaa vizuri mdomoni. Binamu yake alipoteza kazi kabla yangu. Shebe alipotia sahihi ile karatasi alikuwa ameshasalitiwa, na aliyemsaliti alikuwa mimi. Kama ningemwuliza, labda tungeisema pamoja. Labda asingetaka. Sijui, na sababu ya kutojua ni kwamba sikumwuliza.

Miaka ishirini na kitu nimejiita mtu asemaye kweli. Ni sahihi, huwa nasema kweli. Lakini nikiangalia nyuma, ukweli wangu mkali zaidi nimeuchota kwa watu walioniamini wakala nami, na kila mara nilijipa jibu kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko mtu. Tatizo la jibu hilo ni kwamba halikosei kamwe. Ukishalizoea, hakuna mtu atakayebaki mkubwa kuliko jambo lako, hata mtoto wako.

Nakuambia haya kwa sababu ya kazi unayoiendea. Umenieleza jinsi ilivyo katika ligi zile za chini: mtangazaji huajiriwa na timu yenyewe, hupanda basi moja na wachezaji, saa nane, saa kumi, kutoka mji mpaka mji, theluji pande zote. Wengi wao ni vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa. Watakuambia mambo. Mmoja atakuambia kwamba tangu agongwe kichwa haoni vizuri upande mmoja, na kwamba kocha hajui. Jumamosi yake utakuwa kibandani kwako juu, kipaza sauti mbele yako, naye yuko chini anakosa kisahani ambacho angekidaka hata mtoto. Utakuwa na sentensi tayari. Timu itataka unyamaze kabisa, na mtu kama mimi, akiota moto kwa mbali, atakusukuma useme yote. Wote wawili tutakuwa tunakudanganya. Mwendee yule kijana kwanza. Mwambie unachokijua na unachokusudia kufanya. Huenda mkaenda wawili kwa daktari. Huenda akakuchukia. Lakini atakuchukia akiwa amesikia kutoka kinywani mwako, si kutoka redioni.

Mengine ya kazi hiyo unayajua kuliko mimi. Nakuonya moja tu juu ya sauti: ya kwako ikishapendwa, watu wataanza kukuomba uitumie kwa mambo yao. Watakupa pongezi. Zipokee kama nilivyopaswa kuzipokea zile za Mzee Athmani.

Sasa usidhani nimekuandikia ili nijisalimishe. Juu ya jina bado nakupinga, na nitakupinga mpaka uniandikie hoja iliyo bora kuliko ile ya jikoni, ingawa ile haikuwa mbaya. Unasema unamficha Hamadi wasimguse. Mimi nasema kitu kinachofichwa muda mrefu husahauliwa na aliyekificha. Babako hakuwa mtu wa kufichwa. Alipoandikiwa kitambulisho cha kazi kikiwa na makosa ya herufi, alikirudisha mara tatu, na mara ya tatu alikaa ofisini kwao hadi kikatoka sawa, akachelewa zamu, akaandikiwa onyo. Alirudi nyumbani na onyo mkono mmoja na kitambulisho mkono wa pili, akaviweka vyote juu ya televisheni. Huyo ndiye unayemlinda. Nadhani angekuambia kwamba ana ngozi ngumu ya kutosha.

Lakini ninakubali kwamba nadhani tu, na kwamba angekuuliza kabla ya kukuambia. Alikuwa na tabia hiyo. Mimi nilikuwa nikimcheka kwayo.

Na bado naumia kwa jambo jingine ambalo hukulitarajia. Miaka tisa ulikuwa unanisoma nyuma ya mlango. Ulikuwa unaijua lugha yangu yote, mizaha yake na visu vyake, na ukaniacha nijibiwe Kiingereza mezani kana kwamba naongea na mgeni wa hoteli. Nilijililia mara ngapi kwamba Kiswahili kitafia kwangu? Ulikuwa umekaa nacho chumbani, unakipa mazoezi ya pumzi. Wewe pia hukuniambia, Zuhura. Sisemi tuko sawa. Nasema umetoka kwangu, na hilo likutie wasiwasi kidogo.

Nimezungumza na mhariri. Yuko tayari kuiondoa makala siku yoyote. Sikumwambia aiondoe. Nilikwisha kunyanyua simu tena nimwambie, nikaona nakwenda kufanya tena lile lile, kuamua juu ya habari yako kwa haraka ili moyo wangu upoe. Huenda unataka ibaki ili watu wajue nilichokutenda. Huenda unataka isiwepo kabla hujakaa kwenye kibanda chako kule. Sikuandika makala ya kuomba radhi pia, ingawa ilikuja yenyewe, nzuri, na mwisho wake ungewaliza watu Kilburn yote. Niliiacha ipite. Radhi naiomba hapa, kwako, mahali ambapo hakuna atakayenisifu kwa kuiomba.

Ulimwambia Bi Saumu kwamba kesho hutaki nije uwanja wa ndege, naye akaniletea habari hiyo mbio kama alivyoniletea picha. Huenda ndivyo ulivyosema, huenda ameongeza lake. Nimeomba ruhusa kazini. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimevaa, nimekaa jikoni, chai tayari. Ukinipita ukatoka na mabegi yako, sitakufuata na wala sitaandika chochote juu yake, popote, kwa lugha yoyote.

Nina maswali mawili, na jibu lolote utakalonipa sitalijibu.

Makala ile niiondoe?

Na kesho, nije?

Mama yako,
Mwanaidi